Uzi wa Kijani Kwenye Mshipi wa Mtoto

S.L.P. 63,
Kikima, Mbooni.
23 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Wavinya,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani, ambako ukungu wa Agosti umeingia hadi ndani ya duka langu na kukaa kwenye benchi la wateja. Hujambo? Na usinijibu tu kwamba hujambo. Ile picha ya siku yako ya kuzaliwa nimeitazama na miwani na bila miwani, na naona umekonda shingoni. Wifi yako Kathini anasema ni kola ya blauzi. Mimi nimeshona kola miaka thelathini, siwezi kuchanganya kola na njaa. Kula, dada.

Sisi huku ni wazima. Mgongo wangu unalalamika kila nikiinuka kutoka kwenye cherehani, lakini nao nimeanza kuushuku, maana Jumapili ukiona meza ya chakula hautoi sauti. Kathini naye yuko salama na anakusalimu. Alitaka kuisoma barua hii kabla sijaifunga. Nimemruhusu asome nusu.

Utashangaa kuona karatasi badala ya kusikia sauti yangu. Cheryl, binti wa Pasta Kaloki, anarudi huko Leicester chuoni Jumatano, na ndiye nimemkabidhi. Simu nimeikwepa kwa makusudi. Lile kundi letu la WhatsApp lina watu arobaini na mmoja na wanaoongea ni sita. Hao wengine thelathini na watano wanafanya nini humo kama si kusikiliza? Bahasha nimeipaka gundi mara mbili. Ukikuta imeinuka pembeni usimlaumu Cheryl, pengine ni gundi yenyewe. Lakini niambie.

Sasa nije kwenye ile kazi uliyonipa mwezi wa Juni. Ulinipigia ukiwa unatoka kazini, ukasema ukimuuliza bintiyo Kanini jambo lolote kuhusu mumewe anakujibu kama wakili wa mahakamani, kwa hivyo unataka macho ya mtu mwingine. Ukaniteua mimi. Nilijifanya nakataa, lakini wewe wanijua. Hata kanisani, kukiwa na harusi, mimi ndiye husimamishwa mlangoni kutazama nani ameingia bila mwaliko.

Ulitaka nikuhakikishie kwamba kile kiti cha gari ambacho mumewe Ngure alimnunulia mtoto ni kipya kama alivyokuapia, na kwamba hakikununuliwa kwa ajili ya kupigwa picha tu. Tena ulikuwa umekata kauli: bila kiti cha kuaminika, mjukuu wako haendi Nuu kumwona mwaitu, mama yetu. Nilikuelewa. Kutoka Mtito Andei hadi Nuu ni siku nzima ya barabara, na ile sehemu ya kwanza mnagombania lami na malori ya Mombasa. Lakini nilielewa pia upande wa pili. Mwaitu ana miaka themanini na minane, jicho la kushoto limeshafunga duka, la kulia linafungua akipenda. Alikuwa ameshaniambia mara mbili kwamba kama mtoto wa Kanini hataletwa mwaka huu, mwaka kesho atamshika kwa mikono tu, bila kumwona.

Basi walifika hapa kwangu Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu, jioni, walale kisha asubuhi waendelee kupitia Kitui na Mwingi. Ngure, Kanini na mtoto. Huyo Wariara wenu amekua! Ana miezi kumi na minne, na kwa vile ana jina la mama yake Ngure, mimi humwamkia kwa heshima zote za mkwe. Nilimwambia, "Karibu, mkwe wangu, habari za safari?" Akanikojolea suruali. Sijui kama huko kwao ndivyo wanavyojibu.

Nilianza upelelezi kabla hata injini haijapoa. Kiti kilikuwa mbele, kando ya dereva, na kilikuwa kimetazama barabara. Nikakumbuka ulivyonifundisha, kwamba mtoto wa umri ule huketi nyuma, tena akiwa ametazama nyuma, kwa sababu kichwa chake ni kizito na shingo bado ni changa. Na kwamba pale mbele kuna ule mfuko wa hewa ambao ukifumuka unaokoa mtu mzima na kumuumiza mtoto.

"Mjomba, huko nyuma atatazama nini?" Ngure akaniuliza.

"Alikotoka."

"Basi atakuwa mzee kabla ya wakati!" Akacheka sana. Mtu akicheka sana kwa mzaha mdogo, mimi namwandika akilini.

Kisha kile kiti chenyewe. Kilikuwa safi mno, Wavinya. Kitu kipya hunukia duka, kitu hiki kilinukia sabuni ya unga. Nyuma yake palikuwa na alama ya karatasi iliyobanduliwa kwa kucha, mahali ambapo ulisema huandikwa mwaka kilipotengenezwa. Nikamuuliza kama ni kipya.

"Kipya kabisa, mjomba. Plastiki niliitoa mwenyewe kwa mkono huu."

Akainua mkono wa kushoto. Mimi nimemwona Ngure akila, akiandika na akipunga mkono. Si wa kushoto.

Usiku huo sikusema neno. Kathini alisema kama ningekuwa nimezaliwa kuku ningetaga mayai ya polisi. Nikamwacha acheke.

Asubuhi ya Jumamosi baridi ilikuwa ile ya kufanya chai ipoe ukiitazama. Kathini alimvisha mtoto sweta mbili, na juu yake akamzungushia shali, akabaki pua tu. Wakamweka kwenye kiti, wakamfunga. Kanini na Kathini wakarudi jikoni kufunga muthokoi wa mahindi na maharagwe wa kumpelekea mwaitu, Ngure akaingia chini ya boneti kutazama maji. Mimi nikabaki na mtoto. Nikafanya ule mtihani wako wa vidole: ukishafunga mshipi, ujaribu kuuminya pale begani, ukipata kikunjo, umelegea. Nikapata kikunjo ambacho ningeweza kukipigia pasi. Mshipi ulikuwa umefungwa juu ya sweta, haukuwa umemfunga mtoto. Wakifika kwenye joto la nchi ya chini huko mbele na kumvua sweta, mtoto angebaki anaelea humo kama mkono kwenye kabuti la mtu mwingine.

Nikamtoa, nikamvua shali na sweta moja, nikaanza kuukaza ule mshipi. Hapo ndipo kidole gumba changu kilipopita chini ya kile kisponji cha bega na kukutana na kitu. Kinundu. Bapa, chenye pembe nne.

Dada, macho yangu yanaweza kudanganywa, lakini si kidole hiki. Mshipi wa kiwandani hutoka juu hadi chini bila kiungo pale. Huu ulikuwa umekatwa ukaungwa. Nikapima bega la pili. Nalo vilevile.

Nikasikia furaha, nisikudanganye. Furaha mbaya ile ya mtu aliyesema tangu mwanzo. Nikaita kwa sauti ya mahubiri, "Ngure! Kuja hapa! Kathini! Kanini! Kujeni wote!"

Wakaja. Kanini akiwa na mwiko. Nikampa Kathini mtoto, nikaweka mkono juu ya kiti kama shahidi, nikaanza.

"Ngure, mimi ni fundi. Nguo iliyopasuka ikaungwa naijua gizani. Kiti hiki mishipi yake imekatwa kwa kisu. Mshipi wa mtoto hukatwa kwa kisu lini? Hukatwa gari likiwa limepinduka na watu wanatoa mtoto kwa haraka! Kiti hiki kimeshapata ajali yake! Ni kipya gani hicho?"

Ngure akafungua mdomo. Kanini akamtazama mumewe kwa jicho ambalo amelirithi kwako moja kwa moja.

"Ngoja," nikasema, "msiamini maneno yangu, oneni wenyewe. Muone kazi ya huyu fundi wa ovyo aliyekubali kushona kitu kama hiki." Nikakigeuza kile kisponji, nikavaa miwani ili niwaonyeshe vizuri.

Uzi ulikuwa wa kijani.

Ule kijani wa kiza, wa sweta za shule ya hapa juu. Mshono ulikuwa sanduku lenye msalaba katikati, nadhifu, umerudiwa mara mbili. Na kila baada ya mishono tisa, mmoja ulikuwa umerukwa. Wewe wajua kuna cherehani moja tu Mbooni yote yenye kigugumizi hicho. Ulikuwa ukiicheka ulipokuja likizo. Ulisema ni mashine inayomeza mate.

Kanini akaniuliza, "Mjomba, umeona nini?" Kathini hakuuliza kitu. Alikuwa amemshika mtoto kifuani, ametazama uzi, kisha akanitazama mimi, na nikajua amejua. Lakini hakusema. Aliniachia mwenyewe.

Nilikumbuka yote kwa mara moja. Ilikuwa Mei, wiki ile ya kufungua shule, nimelemewa na sare. Kyule alikuja, yule anayezunguka masoko na mitumba ya watoto, vigari na vitanda. Alinitolea mfukoni vipande vyeusi vya mkanda mzito, akaniomba niviunge, akasema ni vya begi. Nikamuuliza ni begi gani lenye mkanda mnene hivi. Akasema, "La mwanajeshi, fundi." Tukacheka. Sikubadilisha hata uzi, nilitumia huo huo wa sweta uliokuwa kwenye mashine. Sikuuliza mbona vimekatwa kwa mshazari, sikuuliza mwanajeshi gani ana mabega membamba kama kiganja. Mimi, Wavinya! Mimi ninayemshuku mwenye duka akinisalimia kwa furaha. Kazi ilipoletwa mezani kwangu, shaka yote ilienda kunywa chai.

Sasa nikwambie jambo ambalo si rahisi kuliandika. Kwa muda wa pumzi tatu nne nilifikiri kunyamaza. Ningesema uzi huo ni wa kiwanda cha ng'ambo, Ngure angebeba lawama ya kudanganya, ambayo ilikuwa yake kwa haki, na jina langu lingebaki safi kwenye kibao cha duka. Hakuna aliyekuwa na ushahidi ila Kathini, na Kathini alikuwa kimya. Kisha huyo mkwe wangu wa miezi kumi na minne akanyoosha mkono kutoka kifuani pa Kathini, akashika tepu yangu ya kupimia shingoni, akaivuta. Anapenda kuvuta. Akavuta kwa nguvu zake zote, na mimi nikajikuta natazama ule mshono na kujiuliza ungevutika vipi.

Nikasema, "Fundi wa ovyo ni mimi."

Kanini alidhani ni mzaha. Nikawaeleza. Ngure naye, kwa kuona mzee ameshavua nguo, akavua zake. Kiti alikinunua Mtito Andei, kwa mtu mwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta, na yule mtu alisema ni cha mzungu mmoja aliyerudi kwao. Kipya alikitafuta akakikosa, na wewe ulikuwa ukiuliza kila siku, kwa hivyo akakifua na kukipiga picha. Karatasi ya mwaka aliibandua yeye. Hakujua habari ya mishipi. "Nilimwogopa mama," akasema. Mama ni wewe.

Kanini hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya mlango na mwiko wake. "Mmoja ameshona, mmoja amefua," akasema, "na mimi ndiye nimemfunga humo mtoto kutoka Mtito."

Ngure akaushika mshipi. Akasema labda mshono ni imara, mjomba ni fundi mzuri, labda hata umezidi wa kiwandani. Na mimi, dada, kwa aibu yangu yote, nilitamani iwe kweli. Tukatoa mshipi mmoja, tukafunga upande mmoja kwenye nguzo ya lango na mwingine nyuma ya Probox yake, ukiwa umelegea kidogo. Ngure akaliondoa gari kwa mshtuko, hatua mbili tu, kama mtu aliyeachilia klachi vibaya. Mshono ukasema prrr, ukafunguka wote kama zipu. Mkanda wenyewe haukuwa na hata mkwaruzo. Kilichokatika ni kazi yangu tu. Nimesimama kwenye lango hilo mara nyingi kupokea habari mbaya, lakini hiyo ilinikalisha chini.

Hakuna aliyekwenda Nuu siku hiyo. Nilimpigia ndugu yetu Munyao huko, naye tayari alikuwa ameshachinja mbuzi, akaanza kunigombeza. Mwaitu akamnyang'anya simu. Nikamwambia kiti cha mtoto kimeharibika. Akauliza, "Kwani gari halina viti vingine?" Nikamwambia mshipi ulikatika. Akauliza nani aliushona. Mama yetu haoni, lakini anaona. Nikamwambia. Akasema, "Mbuzi tutamla. Nyinyi leteni mtoto mkiwa tayari."

Kiti hicho tulikikata siku hiyo hiyo, mimi na Ngure, kwa msumeno. Mishipi tuliikata vipande vifupi ambavyo hata Kyule hawezi kuviita begi. Kimoja nimekitia humu kwenye bahasha, uone uzi wenyewe. Kikiwa hakimo, basi Cheryl ana maswali ya kujibu.

Kyule nilimsubiri siku ya soko. Aliponiona nimesimama mbele ya mali yake na mkasi mkononi, alianza kusalimia watu asiowajua. Nilimuuliza taratibu. Akakubali. Vitu hivyo alivitoa kwenye uwanja mmoja wa vyuma vikuukuu huko barabara ya Mombasa, ndani ya gari lililobondeka mbele. Waokoaji ndio waliokata mishipi. Nikamuuliza watoto walitoka vipi. Akasema aliambiwa walitoka wakilia, na anayelia ni mzima. Sijui kama aliambiwa hivyo kweli au alinitazama usoni akanihurumia. Nimeamua kumwamini katika hilo moja tu, kwa sababu nikikataa sitalala.

Ngure aliteremka Nairobi, akaja na kiti ndani ya boksi lenye kamba zake, akalifungua mbele yetu sote kama mtu anayefungua sanduku la kura. Karatasi ya mwaka ipo. Kuhusu mishipi, nilikaguliwa mimi kwanza kabla ya kuruhusiwa kuikagua. Kanini alinifanya niache sindano mezani. Kiti sasa kiko nyuma na kinatazama nyuma, mshipi wa gari umepitishwa pale kitabu kinaposema, na tukikisukuma kwa mkono hakichezi. Sheria ya sweta nimeiweka mwenyewe: mtoto anafungwa akiwa na nguo nyepesi, vidole vikose kikunjo, kisha blanketi linawekwa juu. Kathini alisema namgandisha mtoto kwa baridi ili nimwokoe na ajali. Sasa ndiye anayeminya kabla yangu.

Na Jumamosi iliyopita tulikwenda Nuu. Mimi nilikaa nyuma kando ya mkwe wangu, nikiwa nimefunga mkanda wangu pia, maana Kanini alikataa gari liondoke kabla sijaufunga. Nilimwambia mimi ni mzee. Akaniambia, "Mjomba, gari likisimama ghafla wewe ndiye utamwangukia." Hilo sikuwahi kulifikiria. Kilo zangu wazijua.

Tulipofika, mwaitu alikataa mtoto atolewe kwanza. Alitaka kuona. Akainama ndani ya gari, akapapasa kiti, akapapasa mishipi kutoka mabegani hadi pale inapokutana tumboni. "Aiya! Mmemfunga mtoto kama mwizi," akasema. Kisha akapapasa tena, polepole, pale begani. Nikajua anatafuta nini. Alipokosa kinundu, alinipiga kofi dogo mkononi, akasema sasa mtoe. Alimshika hadi jioni. Anasema pua ni yako. Jicho la kulia lilifungua siku hiyo.

Kwa hivyo ripoti yangu ndiyo hii: mjukuu wako anasafiri salama, mkwe wako alidanganya na ametubu, na mpelelezi wako ndiye aliyekuwa mkosaji. Ukimpigia Ngure, anza na mimi. Mimi nimeshazoea.

Lakini kuna jambo ambalo Kathini peke yake ndiye anayelijua, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kiti kina mishipi miwili ya mabegani. Mimi mwezi wa Mei nilishona minne.

Nilimuuliza Kyule. Gari lile lilikuwa na viti viwili, kimoja kikaishia kwa yule mwenye kibanda wa Mtito. Cha pili, anasema ni cha kijivu, alikiuza mwenyewe kwa mama mmoja kwenye soko la upande wa Kitui, mama mwenye gari jeupe. Jina hajui, namba hajui. Magari meupe Kitui ni mengi kuliko mbuzi.

Pasta Kaloki ametangaza kanisani, na amewapigia wachungaji wenzake wa Kitui na Mwingi. Mimi nimebandika karatasi kwenye mlango wa duka: anayejua kiti cha kijivu chenye uzi wa kijani chini ya kisponji cha bega asikitumie, akilete, nitamshonea mtoto wake sare hadi amalize darasa la mwisho. Watu wanasoma na kutikisa kichwa. Wengine wanacheka, wengine wameacha kuleta nguo.

Na mimi mwenyewe, nikiona gari limesimama na kiti cha mtoto ndani, siwezi kupita. Naenda, najitambulisha, naomba nishike mshipi. Kwenye kituo cha mafuta mjini Wote mama mmoja alifunga vioo na kumwita askari. Kijana mmoja hapa sokoni aliniuliza kama ninapima watoto ili niwauze. Siwalaumu. Ningekuwa mimi ningeuliza zaidi. Miaka yote nimeshuku watu, Wavinya, sasa nimeonja kuwa upande wa pili, na nakwambia ni baridi kuliko Kikima.

Lakini wengine huniruhusu. Wananitazama mikono tu. Napitisha kidole gumba chini ya sponji, bega moja, kisha la pili, polepole, nikiomba kimoyomoyo kipite laini. Mishipi ya watoto kumi na mmoja nimeshashika hadi leo. Yote ni ya kiwandani, haina kiungo. Sijawahi kufurahi hivi kukuta kazi ya watu wengine ni nzuri kuliko yangu. Na bado nikishukuru na kuondoka, naangalia gari linalofuata.

Nisalimie wanangu hao wa huko, na Mutiso mumeo, umwambie suruali yake ya harusi bado ninayo, pengine sasa itamtosha mtu mwingine. Kathini, Kanini, Ngure na Munyao wanakusalimu. Mwaitu amesema ukija umletee miwani, na kwamba usikonde. Kwa hivyo si mimi peke yangu niliyeona shingo.

Mungu akulinde katika zamu zako na katika hizo barabara zenu za barafu, na amlinde pia yule mtoto wa kiti cha kijivu ambaye simjui jina, mpaka nimpate.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Nzau